Mchora Relingi wa Kinyangiri

Relingi huwa kazi ya mwisho kufikiriwa na anayejenga. Msingi umeshapigwa, kuta zimesimama, bati limeezekwa, plasta imekauka na fedha iliyobaki ni ya kubangaiza. Hapo ndipo fundi chuma anapoitwa, akafungua tepu, akapima baraza mara moja na kwenda kukata mabomba. Nyumba ninayoizungumzia iko Kinyangiri, wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, na relingi yake ilipangwa kabla zege la baraza halijamwagwa. Aliyeipanga ni binti aliyesomea ufundi sanifu wa majengo. Kazi zake huzifanyia kwenye kompyuta mpakato ambayo baadhi ya herufi za kibodi zimeshafutika. Nilipata bahati ya kukaa pembeni yake akiifanya kazi hiyo, na tangu hapo sipiti mbele ya baraza lenye relingi bila kuhesabu nguzo zake.

Mkalama ni wilaya changa, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, na makao makuu yake yako Nduguti. Ni nchi ya alizeti na mtama, ya upepo mkavu na mawe ya matale, na viwanja vilivyo sawasawa si rahisi kuvipata. Kiwanja cha nyumba hii kimelalia mteremko. Upande wa nyuma sakafu iko karibu sawa na ardhi, lakini mbele baraza limenyanyuka sentimita 90. Mwenye nyumba anaishi na mama yake mzazi, bibi anayetembea kwa mkongojo. Kwa hiyo alitaka njia mbili za kupanda barazani: ngazi ya kawaida katikati, na njia ya mteremko ubavuni kwa ajili ya bibi, ambayo hata kiti cha magurudumu kitaweza kupita siku kikihitajika. Njia zote mbili zinadai relingi, na kila relingi inadai nguzo zake.

Programu anayoitumia binti huyu ni Revit, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya Autodesk miaka miwili baadaye. Michoro ya zamani ya kompyuta ilikuwa mistari tu. Mstari wa ukuta na mstari wa meza ulikuwa kitu kimoja machoni pa mashine. Humu mambo ni tofauti. Ukichora ukuta, programu inajua kuwa huo ni ukuta, una unene na kimo, na umesimama juu ya sakafu fulani. Sakafu ikipanda, ukuta unapanda nayo. Relingi pia inajulikana hivyo. Mchoraji hachori nguzo hii na ile. Anachora mstari wa njia, yaani pale relingi itakapopita, kisha anaandika kanuni: nguzo ziwe za aina gani, zisimame umbali gani, mwanzoni iwepo ipi, kwenye kona ipi, mwishoni ipi. Akithibitisha, nguzo zote zinajipanga kwa mkupuo mmoja.

Kwa maelezo hayo mtu anaweza kudhani kazi imeishia hapo. Kumbe hapo ndipo inapoanza, kwa sababu mashine inafuata kanuni hata pale kanuni inapoleta upuuzi.

Alianza na mstari wa njia. Aliuweka milimita 100 ndani ya ukingo wa baraza, na kabla ya kuuchora alishachukua karatasi akapiga hesabu. Kila nguzo ya relingi ni bomba la mraba la milimita 40, lililochomelewa juu ya pleti ya sentimita 10 kwa 10, na pleti hiyo inafungwa kwenye zege kwa bolti nne. Nguzo ikisimama milimita 100 kutoka ukingoni, nusu ya pleti inakula 50, na zege linabaki na milimita 50 nje yake. Ukisogea zaidi nje, siku ya kutoboa zege linamegeka, na bolti iliyofungwa kwenye zege lililomegeka haishiki kitu. Hakuna programu iliyomwambia hayo. Aliyajua kwa sababu amewahi kusimama karibu na mafundi wakitoboa.

Baraza lina nguzo nne za zege zinazobeba paa, na kati yake kuna nafasi tatu, kila moja ya mita 3 kutoka uso hadi uso baada ya plasta. Mara ya kwanza, kwa kujaribu tu, aliupitisha mstari mmoja kutoka mwanzo wa baraza hadi mwisho. Kishikio cha juu kikapenya katikati ya zege, kikatokea upande wa pili. Kwenye skrini hakuna kinachozuia chuma kupita ndani ya zege. Aliitazama kidogo, akaufuta mstari, akachora upya kila nafasi peke yake. Kila mstari aliupa mwanzo na mwisho wake, milimita 60 kutoka kwenye uso wa nguzo ya zege. Milimita 50 ni za nusu ya pleti, na 10 zinazobaki ni za kupitisha brashi ya rangi nyuma yake.

Ukitoa 60 kila upande kwenye mita 3, kutoka katikati ya nguzo ya kwanza ya chuma hadi katikati ya nguzo ya mwisho zinabaki milimita 2,880. Kanuni aliyoianza nayo ilisema nguzo kila milimita 1,200. Mashine ikatii: 1,200, tena 1,200, na mwishoni kipande cha 480. Nguzo mbili za mwisho zikasogeleana huku nyingine zikiwa zimeachana.

Relingi za namna hiyo nimeziona katika nyumba nyingi, zikiwemo za watu wenye uwezo mkubwa. Upande mmoja umepumua na upande mwingine umebanwa, na mpita njia anahisi kuna kitu hakijakaa sawa bila kujua ni kitu gani. Hutokea kwa sababu aliyepima alianza upande mmoja akaenda mpaka chuma kilipomwishia. Binti huyu hakukimbilia jibu. Alijaribu kupanga kuanzia mwisho, na kipande cha 480 kikahamia kushoto. Alijaribu kupanga kutoka katikati, na vikatokea vipande viwili vya 240, kimoja kila upande, na nguzo zikaongezeka kutoka nne hadi tano. Kila mara aliizungusha modeli, akaishusha mpaka kimo cha mtu aliyesimama uani, akaitazama kwa macho ya mgeni anayekuja kubisha hodi. Mwishowe akaandika mwenyewe: 960. Mara tatu ya 960 ni 2,880 kamili. Nguzo zikabaki nne, na nafasi zote tatu zikawa sawa.

Programu ina chaguo la kunyoosha mpangilio wenyewe ili ujaze nafasi. Nilimuuliza kwa nini hakuliacha lifanye kazi hiyo. Akanijibu, “Fundi ataisoma kwenye tepu, mzee. Nataka asome tisini na sita, si namba yenye mkia.”

Baada ya nguzo zikaja fito, vile vyuma vyembamba vya wima vinavyosimama kati ya nguzo na nguzo. Hapa anayeamua kila kitu ni mtoto mdogo. Kanuni za ujenzi za nchi nyingi zinataka tufe la kipenyo cha takriban milimita 100 lisiweze kupita kati ya fito na fito, maana mwili wa mtoto ukipita na kichwa kikakwama, maafa hayako mbali. Kati ya nguzo mbili zilizoachana 960, ukitoa unene wa nguzo zenyewe, nafasi tupu ni 920. Fito ni bomba la milimita 20. Aliandika kwenye karatasi: fito sita zitaacha mianya ya zaidi ya milimita 114, haifai. Fito saba zinakula 140, zinabaki 780, na 780 ukiigawa kwa mianya minane unapata 97.5. Akaizungushia duara namba hiyo.

Kisha akafungua jedwali la mpangilio na kuanza kujaza. Fito ya kwanza, umbali kutoka katikati ya nguzo, 127.5. Ya pili, kutoka katikati ya fito iliyotangulia, 117.5. Ya tatu, 117.5. Aliendelea kushuka safu baada ya safu bila haraka, kama mkulima anayepanda kwa kamba, hadi fito ya saba, na kutoka hapo hadi nguzo inayofuata tena 127.5. Alipomaliza hakubofya kuthibitisha. Alichukua kikokotoo cha simu, akajumlisha safu zote kuanzia juu. Jibu likawa 960. Akathibitisha. Fito zikajaa kwenye nafasi zote, na baraza likawa baraza.

Zamani pwani walikuwa na macho kama haya. Ukisimama mbele ya ile Zahanati ya Kale ya Zanzibar, iliyoanzwa mwaka 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan, utaona roshani za mbao zilizonakshiwa, sehemu moja ikifuata nyingine kwa mwendo usiotetereka. Seremala aliyezigawa hakuwa na skrini, lakini mgawanyo ulikuwa uleule: tafuta namba inayoingia mara kamili, na usikubali baki lionekane.

Ngazi ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko baraza. Ina vimo sita vya sentimita 15, na kila kipandio kina upana wa sentimita 30. Imewekwa katikati ya nafasi ya pili ya baraza, upana wake mita 1.8, na kila upande wake kinabaki kipande kifupi cha baraza cha sentimita 60 kinachohitaji relingi. Katika programu, relingi ya ngazi ni kitu kingine mbali na relingi ya baraza, kwa sababu moja imekaa juu ya ngazi na nyingine juu ya sakafu. Kila moja ina nguzo yake ya mwanzo na ya mwisho. Zinapokutana juu ya ngazi, nguzo mbili zinasimama mahali pamoja.

Kwa mbali huwezi kuliona hilo. Zimeingiliana, na picha inaonyesha nguzo moja nene kidogo. Aliigundua kwa kukata modeli kwa upande na kusogea karibu mpaka mistari miwili ikatengana. Hapo akaenda kwenye kanuni za relingi ya ngazi, mahali pa nguzo ya juu, na kuchagua isiwepo. Nguzo ya baraza ikabaki kuzihudumia relingi zote mbili. Akahamia upande wa pili wa ngazi, akafanya vilevile. Nguzo mbili zisizohitajika zikaondoka kabla hazijanunuliwa.

Vimo vya vishikio pia havikulingana. Kishikio cha baraza kiko mita 1 kutoka sakafuni. Cha ngazi kiko sentimita 90 kutoka ukingo wa kipandio, kwa kuwa mkono wa mtu anayeshuka hufika chini zaidi. Mchoraji mwingine angeinua kimoja au kushusha kingine ili vikutane kichwani mwa nguzo. Yeye aliviacha vyote mahali pake, akakilaza sawa kishikio cha ngazi kinapofika juu, na kukiingiza kwenye ubavu wa nguzo, sentimita 10 chini ya kichwa chake. “Mkono hautafuti kilicho sawa,” alisema. “Mkono unatafuta kilipo.”

Nguzo za chini za ngazi alizisogeza mpaka katikati ya kipandio cha kwanza. Mashine ilikuwa imezipanga kwenye ukingo kabisa, pale mstari wa njia unapoanzia. Kwenye ukingo wa kipandio zege ni jembamba na hupigwa na miguu ya kila mtu. Alikivuta kichwa cha mstari sentimita 15 ndani, na pleti ikapata zege la sentimita 10 mbele yake. Fito za ngazi akaziweka tatu kwa kila kipandio, kwani mbili zingeacha mwanya wa milimita 130, na tatu zinaacha 80.

Halafu vichwa vya nguzo. Kishikio cha ngazi kinapanda sentimita 15 kwa kila 30 za kwenda mbele, na hiyo ni pembe ya nyuzi 26 na nusu hivi. Bomba lililokatwa sawa kwa juu litakigusa kishikio kwa ncha moja tu, na upande wa pili utabaki pengo ambalo fundi atalijaza kwa moto na vijiti vya kuchomelea mpaka pavimbe. Aliifungua nguzo yenyewe kama kitu kinachojitegemea, akaipa pembe ya kukatia, akaihifadhi, akarudi kwenye modeli. Vichwa vikalala chini ya kishikio bila mwanya. Pembe hiyo akaiandika pembeni ya mchoro kwa tarakimu kubwa, kwa sababu fundi chuma ataihitaji kuweka grainda.

Umeme ulikatika mara kadhaa katika kazi hii. Aliendelea kwa betri, akipunguza mwanga wa skrini na kuhifadhi kazi kila baada ya hatua, bila kulalamika wala kuinua kichwa.

Sasa njia ya bibi. Kwa kupanda sentimita 90 kwa mteremko wa moja kwa kumi na mbili, ambao ndio unaokubalika sana kwa kiti cha magurudumu, unahitaji urefu wa mita 10.8. Mtu hawezi kupandishwa urefu huo bila kupumzika. Kwa hiyo binti alikata njia vipande viwili vya mita 5.4, na katikati akaweka jukwaa la sawa la mita 1.5. Jumla ni mita 12.3, ubavuni mwa nyumba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike kwa wote; nyumba ya mtu binafsi haikumbani na sharti hilo. Aliyechukua vipimo hivyo na kuvileta nyumbani kwa bibi ni mchoraji mwenyewe, kwa hiari yake.

Relingi ya njia hii aliichora kwa mistari mitatu iliyoungana: wa kupanda, wa sawa, wa kupanda tena. Alitaka nguzo isimame palepale mteremko unapoanza na palepale unapoisha, maana hapo kishikio kinapinda na kinahitaji kushikiliwa. Programu ilikuwa imewekwa itie nguzo ya kona pale tu njia inapogeuka kushoto au kulia. Njia hii haigeuki, inanyooka moja kwa moja, hivyo mashine haikuona kona yoyote. Akabadilisha kanuni: nguzo kila mwisho wa kipande. Nguzo mbili mpya zikaota kwenye ncha za jukwaa.

Tena lile baki. Mita 5.4 kwa nguzo za kila mita 1.2 zinaacha sentimita 60. Akaandika 1,080, nafasi tano kamili. Kwenye jukwaa, mita 1.5 zikawa nafasi mbili za 750. Ukihesabu zote, nafasi 12, nguzo 13. Nguzo zote zinasimama wima kwa timazi ijapokuwa sakafu chini yake imeinama karibu nyuzi tano. Hili nililitazama kwa makini, kwa kuwa nimewahi kuona relingi za mteremko zilizosimamishwa kwa kufuata sakafu. Nguzo zake huonekana zinaegemea, na mzee anayezitazama huogopa kuzishika.

Kitu cha mwisho alichokifanya kwenye njia hiyo hakina uhusiano na sura. Alikirefusha kishikio sentimita 30 kupita mwanzo wa mteremko, na sentimita 30 kupita mwisho wake juu. Bibi atakishika akiwa bado kwenye ardhi ya sawa, kabla mguu haujaanza kupanda, na hatakiachia mpaka awe ameshafika barazani. Kipande hicho kilikuwa kinaning'inia hewani kwa mbele, basi akakipinda kuelekea chini mpaka kikarudi kwenye nguzo, ili nguo isinase.

Michoro ilichapishwa, ikapelekwa kwa fundi chuma. Fundi huyu ni mtu mzima, amechomelea mageti na madirisha ya grili kwa miaka mingi, na mwanzoni aliishika karatasi kama mtu anayepokea barua ya madai. Aliisoma kimya. Akafika kwenye 97.5 akatabasamu. “Binti, hii nusu milimita nitaikamatia wapi?” Binti akamjibu kwa heshima kwamba aiache, akate kipande cha mbao cha milimita 97 na kukitumia kama kipimo kati ya fito na fito, kilichobaki kitajificha kwenye mchomeleo. Fundi akakubali kwa kichwa. Kipande hicho alikikata palepale.

Lakini kabla ya kukata chuma binti alimwomba jambo moja: wakapime tena, kwa kuwa sasa zege lilikuwa limeshasimama. Nafasi ya kulia ilikuwa mita 3 kamili. Ya kushoto ilikuwa mita 2 na milimita 985, kwani nguzo moja ya zege ilikuwa imesogea kidogo wakati wa kumwaga. Mashine haijui mambo ya zege lililosogea. Alifungua kompyuta juu ya rundo la matofali, akasogeza nguzo ya zege kwenye modeli mpaka pale ilipo kweli, na kuandika 955 badala ya 960 kwa upande ule. Mianya ya fito ikawa milimita 96.9, na kipande cha mbao cha fundi kikaendelea kufaa. Nilimuuliza kama hataubadilisha na upande wa kulia ili pande zote zifanane. Alifikiri kidogo, akasema hapana. Milimita tano katika karibu mita moja hakuna jicho litakaloziona, ila nguzo iliyokaa vibaya karibu na zege kila mtu ataiona. Huo ni uamuzi wa fundi kamili, anayejua kosa lipi linaonekana na lipi halionekani.

Ndipo wakakata. Nguzo ya baraza ina urefu wa milimita 954: mita 1, ukitoa 40 za kishikio na 6 za pleti. Bomba la mita 6 linatoa nguzo sita, hata ukihesabu chuma kinacholiwa na jiwe la grainda, na kinabaki kipande cha zaidi kidogo ya sentimita 25. Baraza lina nguzo 12. Zilitoka kwenye mabomba mawili, kama ilivyoandikwa.

Kuzisimamisha ilikuwa kazi ya fundi, na aliifanya kwa utulivu uleule. Alianza na nguzo za mwanzo na mwisho za kila nafasi, akazipima kwa pima maji pande mbili, akavuta uzi kati yake, ndipo akaleta za katikati. Kila moja aliishikiza kwa nukta moja ya moto, akarudi nyuma kuitazama, akaigonga kidogo kwa nyundo, kisha akaichomelea mzunguko mzima. Kwenye njia ya bibi alitumia timazi, kwa sababu upepo wa Singida ulikuwa umetulia asubuhi ile na uzi ulikaa bila kuyumba. Binti alisimama kando na karatasi yake. Hakumwelekeza. Alipoulizwa alijibu, asipoulizwa alinyamaza.

Gharama ya kazi ya binti, ukiilinganisha na gharama ya mabomba, rangi na vijiti vya kuchomelea, ilikuwa ndogo. Hata hivyo ni gharama ambayo wajenzi wengi wa vijijini na mijini huikata ya kwanza, wakiamini relingi ni mapambo na fundi ataijulia hukohuko. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, na linalipwa na watoto na wazee. Wewe unayejenga, hata kama nyumba yako ina vipandio vitatu tu, mwombe mchoraji wako ukurasa mmoja wa relingi kabla ya zege kumwagwa. Uwe na umbali wa nguzo kutoka ukingoni, umbali wa nguzo na nguzo, mwanya wa fito, na kimo cha kishikio. Mlipe kwa ukurasa huo. Na siku zege likishakauka, mwite apime tena.